Miraba yangu inafanana na vigae vya bafuni: kosa liko wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nakaa Pasua. Tangu mwaka jana nimekuwa nikichora maumbo matupu, miraba na mistari, hasa usiku habari za dunia zikinizidi na usingizi ukikataa. Nikishika rula natulia. Sasa zahanati ya jirani wameniomba picha ya ukumbi wa kusubiria. Nimejaribu mbao mbili. Mume wangu anasema zinafanana na vigae vya bafuni, na rangi imepenya chini ya tepu karibu kila mahali. Halafu mwalimu mwenzangu kaniambia sanaa ya namna hii ni ya watu wanaoiogopa dunia. Ni kweli? Na nifanyeje ili zahanati wasinirudishie picha yao?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na neno la mwenzako, maana likijibika hilo, la vigae litakuwa limejibika nusu.

Hakulitoa hewani. Mwaka 1908 msomi wa Kijerumani, Wilhelm Worringer, alichapisha kitabu kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari. Hoja yake: watu waliozoeana na dunia yao huchora mti kama mti na ng'ombe kama ng'ombe, kwa sababu wanafurahia kujiona ndani ya vitu hivyo. Wale ambao dunia inawatisha, kila siku na vurugu zake, huvinyofoa vitu kutoka kwenye vurugu hiyo na kuvigeuza mistari na maumbo yasiyobadilika. Mraba haunyauki. Miaka saba baadaye, vita vimepamba moto, mchoraji Paul Klee aliandika kwenye shajara yake jambo linaloelekea huko huko: kadiri dunia inavyozidi kutisha, ndivyo sanaa inavyozidi kuwa dhahania. Hakuwa akisema kwa kusoma tu. August Macke, rafiki aliyesafiri naye Tunisia Aprili 1914, alikuwa ameuawa vitani Septemba ya mwaka ule ule.

Desemba 1915, Petrograd (St. Petersburg ya leo), mchoraji Kazimir Malevich akatundika mraba wake mweusi kwenye maonyesho. Turubai yenyewe ni ndogo, sentimita 79.5 kila upande. Ila aliiweka juu kabisa, kwenye kona ya chumba, pale ambapo nyumba za Waorthodoksi wa Urusi huweka picha takatifu. Wakati huo huo, Zürich, mji uliojaa watu waliokimbia vita, msanii Sophie Taeuber alikuwa akidarizi na kuchora vipande vya mraba na mstatili, vya wima na vya mlalo. Kwa hiyo ukipanga tarehe kwenye mstari mmoja, Worringer anaonekana kama mtabiri.

Karibu na kwetu kuna mfano unaobana zaidi. Wandebele wa Afrika Kusini walishindwa vita na serikali ya Makaburu mwaka 1883, wakanyang'anywa ardhi, wakatawanywa kwenye mashamba kufanya kazi kwa watu waliowashinda. Ni katika miongo iliyofuata ndipo wanawake wao walipoukuza ule uchoraji wa kuta tunaoujua leo: maumbo yenye kona kali, mistari minene myeusi, upande wa kushoto ukiuangalia wa kulia kama kwenye kioo. Nyumba yenye ukuta wa namna ile inatangaza kwa mbali ni ya nani. Esther Mahlangu, aliyezaliwa 1935, bado anachora mistari hiyo kwa unyoya wa kuku, bila rula.

Lakini sasa msikilize mwenzako kwa sikio moja tu. Worringer alipowaingiza watu wa mabara mengine kwenye hesabu yake, watu aliowaita wa hali ya mwanzo, alikuwa akikisia. Msusi wa mkeka hasuki pembetatu kwa sababu anaiogopa dunia. Ukindu wenyewe hupishana juu na chini, na mpishano ukirudiwa mara mia huzaa pembetatu utake usitake. Mafundi wa vigae wa Alhambra kule Granada walikuwa na mila, mahesabu na mwajiri. Na mambo ya Wandebele, ukiyatazama vizuri, yana ukaidi mwingi kuliko woga. Mtu mwoga haandiki ukutani kwa herufi za mita mbili.

Mimi ningelisema jambo hili hivi. Wasiwasi ni rundo la maswali yasiyo na jibu usiku huu: mvua itakuja, ada itapatikana, mgonjwa ataamka? Rula inakupa maswali yenye jibu. Hii ni sentimita 12 au siyo? Kona hii imekaa sawa? Unapima, unajibiwa, unakwenda swali linalofuata. Ndiyo maana unatulia. (Usingizi ukikataa usiku mwingi mfululizo, hilo mweleze daktari. Rula ina mipaka yake.) Tatizo ni kwamba utulivu huo ni wa aliyeshika rula. Mgonjwa atakayekaa kwenye benchi hakupima chochote, anaona matokeo tu, na picha ambayo maswali yake yote yameshajibiwa haimpi jicho kazi yoyote. Hivyo ndivyo kigae kilivyo: kimejibiwa kiwandani. Mumeo ana macho, usimchukie.

Basi tuyaangalie hayo ya vigae kwa karibu. Chukua picha ya mchoraji wa Kiholanzi, Piet Mondrian, ya mwaka 1930 yenye nyekundu, bluu na njano, utaipata kwenye simu. Ni ndogo, inakaribia sentimita 46 kwa 46. Nyekundu imekaa juu kulia na imemeza sehemu kubwa ya picha. Bluu ni kipande kidogo chini kushoto. Njano imebanwa kwenye kona ya chini kulia, kama imekatwa na ukingo, kama vile inaendelea nje. Mengine yote ni nyeupe. Na mistari myeusi, ambayo watu hudhani ni mmoja umerudiwa, haina unene mmoja. Hapo kuna mashindano: nyekundu ni kubwa mno, ingepaswa kuiangusha picha upande mmoja, lakini kile kibluu kidogo, kwa kuwa ni kizito na kiko mbali, kinaivuta irudi. Jicho linakwenda na kurudi kati ya vile viwili. Mizani imepatikana, ila si kwa kugawa sawa kwa sawa.

Mbao zako, kwa jinsi ulivyozieleza, nadhani zina makosa haya matatu, na mara nyingi huja pamoja: vipande vyote vina ukubwa unaolingana, rangi zote zina nguvu inayolingana, na kila umbo linaishia ndani ya ukingo kwa usalama. Punguza ulinganifu kwenye jambo moja kwanza, la ukubwa. Kanuni ya kuanzia ninayoiamini ni kwamba kipande kikubwa kiwe angalau mara nne ya kinachofuata. Ukiwa na kikubwa cha sentimita 36 kwa 36, kinachofuata kisizidi 18 kwa 18. Chini ya hapo jicho huviona kama ndugu wa tumbo moja na linaacha kuvilinganisha.

Kwa habari ya mpaka, mwalimu wako yuko kabatini. Tandika kanga kitandani. Kuna pindo kuzunguka pande zote nne, kuna mji katikati, kuna jina chini. Pindo ndilo lenye michoro mingi iliyorudiwa, mji mara nyingi una nafasi zaidi na maumbo makubwa, na ule mstari wa jina unavunja ulinganifu wa juu na chini. Ukifuta jina kwa kulifunika na karatasi, kanga inageuka kitambaa cha meza. Fanya hivyo kweli, uone. Halafu nenda upande wa pili: ukipanda Arusha siku moja, simama kwenye soko la Wamasai na utazame ukosi mmoja wa shanga kwa dakika tano. Duara la nyekundu haliendi likazunguka lote. Linakatwa na kipande cha nyeupe au bluu, na duara linalofuata linakatwa mahali pengine. Mpango upo, na mpango unavunjwa kwa mpango. Ndicho kinachokosekana kwenye vigae.

Kabla ya kugusa ubao mwingine, fanya zoezi moja la karatasi. Mchoraji Josef Albers alikuwa mwalimu Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani iliyofungwa mwaka 1933 chini ya shinikizo la Wanazi. Yeye na mkewe Anni, mfumaji mwenye asili ya Kiyahudi, wakahamia Marekani mwaka huo huo. Kuanzia 1950 hadi alipofariki 1976 alichora mraba ndani ya mraba, zaidi ya picha elfu moja, nyingi juu ya hadibodi. Vipimo vyake ukivileta kwenye sentimita 60 ni rahisi kuvikumbuka: miraba minne ya 60, 48, 36 na 24. Kila mraba wa ndani uache sentimita 3 chini, 6 kila upande, na 9 juu. Kata kwenye karatasi za manila, ziweke. Kisha isogeze miraba yote ikae katikati kabisa. Utaona inageuka shabaha ya kupigia mishale au shimo la kisima. Irudishe chini kwa vipimo vile, inakaa, ina uzito, kama vyungu vilivyopangwa. Tofauti ni sentimita tatu tu juu na tatu chini, lakini ndizo zinazoamua kama mgonjwa atahisi anatazama kitu kilichotua au anavutwa ndani ya bomba.

Ukiwa bado na manila hizo, jifunze jambo la rangi. Kata vipande viwili vidogo vya kijivu kile kile, kimoja ukiweke juu ya nyeupe, kingine juu ya nyeusi. Cha juu ya nyeusi kitaonekana cheupe zaidi, na utaapa ni karatasi tofauti. Kwa hiyo usichague rangi kwenye kopo. Ichague ikiwa imelala karibu na jirani yake. Na ili kujua kama rangi zako zina mwanga tofauti, zipige picha kwa simu halafu uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani ambazo zilionekana kama mbingu na ardhi zinaweza kutoka kijivu kimoja. Rangi mbili kali zenye mwanga unaolingana zikigusana, ukingo wake hutetemeka machoni. Wengine wanautafuta mtetemo huo kwa makusudi. Kwenye zahanati ni sumu.

Na hapa nikuonye, maana watu wengi hudhani jiometri hutuliza kwa asili yake. Bridget Riley wa Uingereza alichora mwaka 1961 miraba myeusi na myeupe inayozidi kubanwa hadi ukuta unaonekana kujikunja, na hakuna aliyetulia mbele yake. Michirizi myembamba yenye tofauti kali ndiyo mibaya zaidi. Inasumbua sana pale jozi tatu hivi za mchirizi mweusi na mweupe zinapoingia katika nyuzi (digrii) moja ya upeo wa jicho. Tafsiri yake ukumbini: mtu akikaa mita 3 kutoka kwenye picha, michirizi ya takriban milimita 9 kila mmoja itamchosha macho, itamwumiza kichwa mwenye kipandauso, na kwa baadhi ya wenye kifafa inaweza kuchochea degedege. Kwa umbali huo fanya michirizi yako isipungue sentimita 4, na badala ya nyeusi juu ya nyeupe tumia, kwa mfano, bluu nzito juu ya kijivu. Hili usilifanyie mjadala na mtu. Ukumbi wa kusubiria una watu waliokwisha umwa.

Sasa ubao. Karatasi nzima ya hadibodi ni sentimita 122 kwa 244, na inatoa vipande vinane vya 60 kwa 60, zile sentimita chache zilizobaki zikiliwa na msumeno. Ukubwa huo ndio ule ule alioutumia Edward Saidi Tingatinga na wanafunzi wake Dar es Salaam tangu 1968, na mafundi wengi wanaujua. Mpe fundi seremala agizo la kukata, halafu usimwamini. Pima kona hadi kona, mara mbili kwa mshazari. Kwenye mraba wa 60 kila mshazari uwe sentimita 84.9 hivi. Moja ikiwa 84.5 na nyingine 85.2, huo si mraba, na kila mstari utakaoupima kutoka ukingoni utakuwa umepinda kabla hujaanza. Tofauti ikizidi milimita 3, mrudishie.

Hadibodi ya milimita 3 ikipakwa upande mmoja hujikunja kama chapati, kwa sababu upande wenye rangi hauvuti unyevu kama ule mwingine. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, utaona kwa macho. Dawa ni mbili na zote uzitumie: paka pande zote mbili, na uibandike kwa gundi ya mbao juu ya fremu ya inchi mbili kwa moja, uilaze juu ya meza iliyonyooka na matofali juu yake usiku kucha. Kwa ubao wa 120, ongeza msalaba katikati ya fremu. Kingo za hadibodi hunywa maji na kufura, kwa hiyo zizibe kwanza kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu.

Upande laini una mng'ao ambao rangi huteleza juu yake. Upige msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke. Rangi nyeupe ya maji mkono wa kwanza iongezewe maji kiasi cha robo yake ili iingie, mikono miwili inayofuata ipakwe bila kuongeza. Katikati ya mikono msasa namba 220, kwa wepesi. Ubao mmoja wa 60 unakula mililita 36 hivi kwa mkono, kwa hiyo mikono mitatu pande zote mbili ni kama mililita 220, na lita moja inatosha mbao nne na kubaki. Tumia rola ndogo ya sponji. Brashi huacha mifereji, na mifereji hiyo ndiyo njia ambayo rangi yako inapitia chini ya tepu.

Jaribu pia ubora wa rangi yenyewe kabla ya kuiamini. Paka kipande cha hadibodi, kiache siku nzima, kisugue kwa kidole. Kikitoa unga, rangi hiyo ina gundi kidogo. Tepu itaibandua pamoja na jasho lako. Rangi za mafuta zinashika vizuri zaidi, lakini kila rangi inataka usiku mzima ikauke, picha ya rangi tano ikakugharimu wiki na zaidi, na harufu ya tina chumbani usiku si ya kuvumilia wala si salama. Kama utazichanganya, kumbuka mpangilio: ya mafuta juu ya ya maji hushika, ya maji juu ya ya mafuta yenye mng'ao hubanduka kama ngozi ya nyoka.

Tepu. Hapa ndipo picha nyingi zinapofia, nami nitakwenda polepole.

Tumia tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapuliza rangi za magari, si ya nailoni. Rangi ya chini iwe imekaa saa 24, na wakati wa mvua 48. Ikiwa tepu ina gundi kali, ibandike kwanza kwenye suruali mara moja uivue, ipoteze nguvu kidogo. Ibandike ubaoni kwa kipande kimoja kirefu bila kuivuta, maana tepu iliyovutwa hurudi na kukunja mstari. Kisha pitisha ukingo wa kadi ya simu ya zamani kwa nguvu, upande ule tu utakaopakwa.

Halafu hatua ambayo nina hakika uliiruka, kwa sababu karibu kila mtu huiruka. Ukingo wa tepu upake kwanza rangi ile ile iliyo chini ya tepu. Kama tepu imelala juu ya nyeupe na unataka kupaka bluu, upake nyeupe kwanza kwenye ukingo. Kitakachopenya ni nyeupe, kitakwenda juu ya nyeupe, na kitaziba vijitundu. Acha ikauke nusu saa. Sasa bluu haina pa kupenya. Tepu ikiwa imevuka rangi mbili au tatu, zibia kwa vanishi ya maji isiyo na rangi badala ya kuhangaika.

Bluu yenyewe ipake mara mbili, nyembamba, ukisukuma kutoka kwenye tepu kwenda ndani ya umbo. Ukisukuma kuelekea tepu unaipiga rangi iingie chini kwa mkono wako mwenyewe. Mkono mmoja mzito una ubaya mwingine: huacha ukingo ulioinuka kama kovu, na chini ya taa ya tyubu inayopiga kwa pembeni utaonekana kuliko rangi. Vua tepu mkono wa mwisho ukiwa bado una unyevu kidogo, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe, polepole. Kama umechelewa na rangi imekauka, pitisha wembe kwenye mstari kwanza. Ukivuta hivyo hivyo itachanika kwa menomeno.

Mistari myeusi iache iwe ya mwisho. Rangi za pande zote mbili ziingie milimita 2 au 3 chini ya mahali mstari utakapopita, basi mstari wa sentimita moja utafunika makosa yake yote. Njano haifuniki kitu chochote cheusi. Ukilazimika, paka nyeupe kwanza, na alama za penseli zifute kabla, maana penseli chini ya njano hugeuka uchafu wa kijani. Na usiibonyeze penseli. Mfereji wa penseli hauzibiki kwa rangi nyembamba.

Zile mbao mbili za kwanza usizitupe, ila usizipakie picha mpya wiki hii. Kazi ya Malevich niliyoitaja ina nyufa nyingi kama udongo wa kiangazi, kwa sababu aliipaka juu ya rangi nyingine ambazo hazijakauka sawasawa. Mwaka 2015 wataalamu wa Jumba la Tretyakov, Moscow, walieleza kwamba chini ya ule weusi kuna michoro mingine miwili ya rangi. Rangi ya juu ilikauka mapema, ya chini ikaendelea kusinyaa, ya juu ikapasuka. Za kwako za maji zipe wiki mbili, msasa, nyeupe mbili, kisha endelea.

Na kabla hujafikiri kila mstari lazima uwe wa mashine, kumbuka kwamba mraba ule mweusi si mraba kamili. Pande zake hazilingani sawasawa na kingo za turubai. Mchoraji Agnes Martin, ambaye miaka ya 1960 alikuwa akichora gridi kwa penseli kwenye turubai za sentimita 183 kwa 183, aliacha mstari uruke-ruke juu ya nyuzi za turubai. Kwa mbali unaona ukungu, kwa karibu unaona mkono unaopumua. Mama huyu aliishi na maradhi mazito ya akili, na kazi zake ni kati ya zilizotulia kuliko zote za karne ile, lakini hazikutulia kwa kuficha mkono. Ushauri wangu kwa picha ya zahanati: kingo zote zipigwe kwa tepu, isipokuwa moja. Chagua ukingo mmoja mrefu, upake kwa brashi bapa bila tepu, mkono wako na pumzi yako. Ukijikwaa milimita moja, uache.

Ukimaliza pitisha vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili, kwa sababu yenye mng'ao itaakisi zile taa za tyubu na wagonjwa wa upande mmoja wataona taa badala ya picha. Usiitundike ikitazamana na dirisha. Watu ukumbini wamekaa, na macho ya aliyekaa yapo kwenye sentimita 115 hadi 120 kutoka sakafuni, kwa hiyo kitovu cha picha kiwe karibu sentimita 130, chini ya pale utakapotaka kuiweka ukiwa umesimama. Tumia misumari miwili iliyoachana sentimita 40, siyo mmoja, na uipime kwa kipimamaji cha fundi. Picha ya maua ikiinama milimita tano hakuna atakayejua. Yako ikiinama milimita tano, kila anayesubiri dawa ataanza kuinamisha shingo, na mhudumu atakuwa akiinyoosha kila asubuhi.